Unga Chini ya Msolo

Mdogo wangu Somoe anataka kupanda mshubiri kwenye chungu cha Bibi. Alikuja juzi, akakiona juu ya kabati langu, akakishusha, akakigeuzageuza, akasema, "Dada, hiki kwani si hakipikiwi? Nipe mie nipandie mshubiri, kitapendeza barazani." Nikamwambia kiache. Akasema nina roho mbaya. Nikamwambia ndiyo, ninayo, kiache. Tukakaa tumenuniana mpaka chai ikapoa, watu wazima wenye wajukuu, tunagombea chungu.

Alipoondoka nikakinusa. Msinicheke. Chungu kile hakijawahi kuona moto, hakina hata doa la masizi, lakini ukiingiza pua unapata harufu ya majani makavu. Si majani ya kufagiwa uani, ni ya msitu wakati wa kiangazi, kama majani ya chai yaliyosahaulika ndani ya mkebe, halafu kwa mbali kuna utamu wa matunda yaliyoanguka yakalala chini siku mbili tatu. Nikakaa kitako sakafuni na chungu mapajani. Nikajiona mjinga. Jambo hili nimekaa nalo miaka yote hii, na anayehusika nalo kuliko sisi wote ni huyo huyo Somoe niliyemnyima.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Boko. Nyie wenzangu wa rika langu mnaikumbuka Boko ile, siyo hii ya mageti na mbwa wakali. Ilikuwa mikorosho na nyumba za udongo zilizokaa mbalimbali, ukitaka kumwita jirani unapiga yowe kwanza. Baba alikuwa mchonga vinyago, kwenye ushirika wa watu wa Kusini kama yeye. Mie nilikuwa na miaka tisa hivi, na nilikuwa mtoto pekee, lakini sikuwa nimezaliwa peke yangu. Baada yangu walikuja wawili, wote kule kwetu Kusini kabla hatujahamia Dar, na wote hawakulia walipotoka. Mie niliambiwa wamelala. Kwa hiyo neno kulala lilikuwa linanitisha kidogo, nikiambiwa nenda kalale nilikuwa naenda na moyo unadunda.

Wote wawili walipokewa na Bibi, mama yake Baba. Bibi alikuwa mkunga. Baba alikuwa akijisifu kwamba ukitupa jiwe kijijini kwetu utampiga mtu aliyepokewa na mama yake. Watu walipotakiwa kuhama wakajenge pamoja kando ya barabara, vijiji vya ujamaa, Bibi aligoma kuhama, akasema hawezi kuyaacha makaburi ya wazee wake. Wakamhamisha tu. Baba akaona bora mama yake aje Dar, hasa kwa kuwa Mama alikuwa na mimba tena. Bibi akasafiri siku tatu. Alishuka barabarani na mfuko wa mtama mweupe, mkeka, kopo la ugoro, na chungu hiki amekipakata kama mtoto.

Alikuwa mfupi, ana sauti nene, na mdomo wa juu una alama ya ndonya, lile pambo la mti la mdomoni, aliyoivua zamani. Watoto wa Boko walikuwa wanakuja kumkodolea macho. Yeye anawaambia, "Tazameni vizuri, kesho natoza kiingilio." Balozi wetu wa nyumba kumi alipokuja kumwandikisha kwenye kisomo cha watu wazima, alimwambia, "Mwanangu, kusoma nasoma matumbo ya wanawake, na macho yangu hayajawahi kuhitaji miwani." Haikupita hata miezi miwili, wanawake wa Boko wakaanza kumfuata. Nikawa mtu mtaani kwa sababu yake. Wenzangu walikuwa wanapigania kukaa karibu yangu, bibi yake ndiye yule.

Sasa, Mama alikuwa anahudhuria kliniki Kinondoni. Siku moja alirudi kimya, akamwita Baba nyuma ya nyumba. Mie nilikuwa namenya mihogo pale pale, lakini mtoto anayemenya mihogo haonekani. Mama akasema nesi amempima, mtoto amekaa vibaya, akazalie hospitali kubwa.

Baba akakuna kidevu. "Mama amesafiri siku tatu kuja kukupokea. Leo nimwambie mikono yake haitoshi?"

Mkwe hamwambii mkwewe kitu kama hicho. Mama aliichukua kadi ya kliniki, akaikunja, akaiweka chini ya godoro.

Siku chache baadaye Bibi mwenyewe alimlaza Mama mkekani, akalipapasa tumbo. Alipapasa muda mrefu kuliko kawaida. Jioni, tukiwa tunakula, akasema huku amekamata tonge, "Mwanangu, mkeo mpeleke hospitali."

Baba akaacha kula. "Mama, nani kakuudhi?"

"Hakuna aliyeniudhi. Nimesema mpeleke."

"Kama kuna neno limesemwa, Mama, nisamehe mimi." Halafu akamgeukia Mama, macho yamemtoka. "Umemwambia nini mama yangu?"

"Wallahi sijasema kitu!" Mama alipiga magoti pale pale, na tumbo lake lile, mbele ya mkwewe. "Mama, nisamehe kama nimekosa."

"Hamsikii nyie? Nimesema mpelekeni tu."

Kadiri Bibi alivyosema mpelekeni, ndivyo Baba alivyozidi kuomba msamaha. Kwetu mzee akisema niacheni, basi ujue amechukia, na anataka abembelezwe. Baba hakujua tafsiri nyingine ya maneno yale. Kesho yake alikaa kutwa nzima akimchongea Bibi kigoda kipya, amekitia nakshi za kobe, kumtuliza roho. Bibi akakikalia, akashukuru.

Na mie? Mie nilikuwa upande wa Baba. Jirani yetu mmoja alipelekwa hospitali mvua za masika, akarudi amefunikwa shuka. Kwa akili yangu hospitali ilikuwa mahali pa kuchukulia shuka lile. Kila siku nilikuwa naomba Mungu Mama asipelekwe, abaki na Bibi wetu.

Ndipo Bibi akasema, "Basi tuwaulize wazee."

Baba alipumua. Hilo alilielewa. Kwetu ukiwa na jambo zito unachukua unga mweupe, unakwenda chini ya mti unaoitwa msolo, unasema shida yako huku unamimina unga taratibu kutoka kwenye kiganja, mpaka unafanya kichuguu chenye ncha. Unauacha. Alfajiri unarudi kutazama. Ukiukuta umesimama na ncha yake, wazee wamekubali. Ukiukuta umevurugika, wamekataa, na hapo hakuna mtu wa kubishana. Lazima uwe msolo, hawasikii kwenye mti mwingine. Na mwenye nyumba lazima aje kuutazama kwa macho yake, asije akasimuliwa.

Boko haikuwa na msolo. Lakini mwenzake Baba wa ushirika alisema ipo kwenye msitu wa Serikali, upande wa bara, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Baba akaenda kuzungumza na bwana msitu. Ikakubaliwa Bibi aende siku moja kabla, amimine unga alasiri, alale kwa bwana msitu na mkewe. Baba angekuja na baiskeli alfajiri. Bibi akataka aende na mtoto wa kumbebea chungu. Nikaenda mie.

Jamani, siku ile. Nimetembea sehemu nyingi baada ya hapo, lakini sijawahi kutembea kama siku ile.

Tulivuka mikorosho ya mwisho, tukaingia msituni, na mie nikasimama. Ulikuwa mwisho wa kipupwe. Mie miti niliyoijua ni miembe, minazi na mikorosho, ambayo haivui nguo hata siku moja. Hapa miti mizima ilikuwa mitupu, matawi meupe kama mifupa, mingine ina majani mekundu na ya njano, na ukipuliza tu upepo yanashuka kwa wingi. Chini majani yamejaa mpaka kwenye vifundo vya miguu, yanalia kwacha kwacha. Nikaanza kulia na mie.

"Una nini?" Bibi akauliza.

"Msitu umekufa."

"Nani kakwambia? Umelala tu."

Ndiyo akanimaliza. Umelala! Nililia kwa nguvu zaidi, chungu kikaanza kuyumba kichwani. Bibi akakishusha, akanitazama, nafikiri akaelewa. Akachukua kijiti kilichokauka kabisa cha mti mmoja, akakwaruza ganda kwa ukucha. Ndani kilikuwa kibichi, kijani kabisa, na kina maji.

"Onja," akasema. Nikaonja. Kichungu. "Kitu kilichokufa kina maji? Huu unajua unachofanya. Jua kali, maji hakuna, unajivulia majani yake usife. Mvua ikianguka kidogo tu utaona."

Kuanzia hapo Bibi alibadilika. Boko alikuwa mzee wa kukaa kigodani na kulalamikia mbu. Mle ndani akawa mtoto mwenzangu. Alikuwa anaitaja miti kama anavyowataja ndugu. Huu mninga, ukiukata unatoa damu, usiuogope. Huu mpingo, ndio unaotulisha, baba yako anauchonga lakini hajawahi kuuona ukiwa na majani. Ule usiusogelee, upupu, utajikuna mpaka umsahau mama yako. Alinionyesha sange, panya mwenye pua ndefu kama mkonga wa kuchezea, ana njia zake ndogondogo alizozifagia kwenye majani, anakimbia humo humo haendi pembeni. Alinionyesha kororo, kanga wale wenye shungi, walipita kundi zima wanaparura majani utadhani wanawake wanatafuta hereni iliyopotea. Tukakuta mtoria umetambaa juu ya mti mkubwa, matoria yameiva, tukala mpaka midomo ikagandana kwa utomvu. Bibi alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka vile tangu afike Dar. Nilikuwa na bibi kweli siku ile, namshukuru Mungu kwa ajili yake hata kama kusingetokea kitu kingine.

Bwana msitu alikuwa kijana wa Kiluguru mwenye kaptula ya kaki na adabu nyingi. "Shikamoo bibi. Mnakaribishwa, ila hii ni hifadhi, hairuhusiwi kukata hata fito."

"Marahaba baba. Mie nimekuja kumwaga, sikuja kukata."

Akatupeleka kwenye msolo, hata si mbali na nyumba yake. Nilitegemea mti wa kutisha. Wapi! Ulikuwa mti wa wastani, mviringo, matawi yanainama, majani yake yote ni ya njano iliyoanza kuwa nyekundu. Chini yake yalikuwa yamejaa matunda madogo ya mviringo, mengine yametafunwa nusu, na kila mahali vinyesi vidogo vyeusi kama punje za pilipili manga.

"Ila bibi," bwana msitu akasema, "msimu huu chini ya msolo paa hawakosi. Kila alfajiri wanakuja kula haya matunda."

"Unasemaje baba? Masikio haya."

Akarudia kwa sauti kubwa, akiinama karibu na sikio lake.

"Ee, ahsante," Bibi akasema. "Nenda baba, tuache na wazee."

Alifagia kwa mkono sehemu ndogo kwenye shina. Akafungua unga wake, unga wa mtama mweupe aliousaga mwenyewe, na wakati ule dukani hakukuwa na unga mwingine ila ule wa njano tuliokuwa tunaupangia foleni. Akamimina taratibu. Akawataja wazee wake mmoja mmoja, mpaka wale wawili wasiolia akawataja, na mie sikujua kama walikuwa na majina. Akasema, "Sisi ni wageni huku, lakini msolo ni msolo. Mkwe wangu amebeba. Mwanangu anasema mtoto ashukie kwenye mikono yangu. Semeni nyie." Kichuguu kikasimama, cheupe, kina ncha kama ya penseli.

Mie nikamletea chungu. "Bibi, na hiki?"

"Hicho tia matoria, tumpelekee mama yako."

Nikatia matoria. Nilijisikia vibaya kidogo, maana nilikibeba saa mbili nikiambiwa ni chungu cha sadaka nisikivunje.

Alfajiri niliamka kabla ya wote. Mke wa bwana msitu alikuwa bado amelala. Nje kororo wanapiga kelele, ukungu umekaa juu ya majani. Nikajiambia naenda kutazama tu, kwa mbali, sigusi.

Paa alikuwa pale. Mdogo kuliko mwanambuzi, rangi yake ni ile ile ya majani makavu, kama asingetingisha sikio nisingemwona. Miguu kama vijiti. Aliokota tunda moja, akatafuna, akasogea, akainamisha kichwa kwenye unga wa Bibi. Akaulamba. Akainua uso akanitazama, ana jicho kubwa jeusi na pua nyeupe ya unga. Ningepiga kofi tu angekimbia. Sikupiga. Alikuwa mzuri mno, na mie nilikuwa sijawahi kuaminiwa hivyo na kitu chochote. Akala tena, akakanyaga, akapiga kwato chini, akapotea.

Ndipo nikaona alichokifanya. Kichuguu hakuna. Akili ikanirudi. Wamekataa, Mama atapelekwa hospitali, atarudi na shuka. Na mie nilisimama nikitazama!

Nikakimbia mpaka jikoni kwa mke wa bwana msitu. Debe la unga lilikuwa wazi. Nikajaza kopo, nikarudi mbio, nikafuta alama za kwato, nikamimina kama nilivyomwona Bibi akimimina. Mara ya kwanza ukaanguka. Mara ya pili ukasimama. Kwa haraka ile nikaona umependeza kabisa, nikarudi kujilaza.

Jua lilipotoka Baba alifika na baiskeli, amevaa kanzu na kofia yake ya Ijumaa. Tukaenda wote watatu. Nilikuwa mbele, maana nilitaka kuwaonyesha kwamba umesimama. Na ulikuwa umesimama kweli. Ila jua la asubuhi lilikuwa limeupiga sawasawa, na ulikuwa wa njano kama kiini cha yai.

Bibi akainama, akachukua kidogo kwa kidole, akalamba. "Unga wa duka," akasema.

Baba akanitazama mikono. Ilikuwa ya njano mpaka kwenye kucha. "Zena!"

Nikasema yote, kwa kwikwi. Paa, pua nyeupe, debe, kopo. Nikamshika Bibi miguu nikamwambia asiseme wamekataa, mie ndiye mwenye makosa, sikumfukuza.

Bibi hakunigombeza. Alikaa chini taratibu kwenye majani, akaiweka mikono yake mapajani, viganja juu, akaitazama. Akasema, "Wamekataa mikono yangu."

"Mama," Baba akasema, "si paa tu huyo?"

"Msitu wote huu, matunda yote haya, akaja kula unga wangu. Nani kamtuma?"

Baba akavua kofia. Bibi akasema, "Wewe ulikuwa unanibembeleza mimi. Utawabembeleza na wao? Mpeleke mkeo leo, kabla jua halijawa kali."

Baba alipanda baiskeli akaondoka bila kuaga. Wakati tunarudi Boko alikuwa ameshampata dereva wa lori la kokoto, ameshampandisha Mama mbele, wamekwenda. Sikumuaga Mama. Nilipofika nikaingia chumbani nikainua godoro, kadi haikuwepo.

Siku mbili zile sitaki kuzieleza sana. Mie nilikuwa nimemuua mama yangu, nilijua. Bibi alikuwa amekaa kigodani, mikono ameibana katikati ya magoti kama mtu anayesikia baridi. Ugoro hakunusa. Matoria yakaanza kuoza ndani ya chungu. Kila gari likipiga honi barabarani anainuka nusu, anakaa.

Siku ya tatu mchana tukamsikia Baba kabla hatujamwona. Anatoka barabarani mbio, kofia mkononi, anapiga kelele mikoroshoni kama kichaa.

"Amelia! Mama, amelia! Amelia kama mbuzi!"

Mtoto alitanguliza miguu, walimpasua Mama, na mtoto akalia. Msichana. Bibi akainuka, akarudi kukaa, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatetemeka. Nikadhani amekasirika kwamba hakumpokea yeye.

Hivyo ndivyo Somoe alivyokuja. Mama alirudi mzima, na mimi shuka nililolingojea sikuliona.

Lakini Boko maneno hayalali. Watu wakajua kwamba wazee wa yule bibi wa Kusini wameikataa mikono yake, tena kasema mwenyewe kwa mdomo wake. Wanawake wakaacha kuja. Siku moja nilimwona jirani mwenye uchungu anashikiliwa huku na huku, wakapita mbele ya mlango wetu, wakaenda kwa mkunga wa mbali. Bibi alikuwa kigodani. Aliwafuata kwa macho mpaka mwisho wa mikorosho. Halafu akaniambia, "Siku hizi mgongo unanisumbua, hata wangeniita nisingeweza." Sikumsikia akilalamikia mgongo kabla ya siku hiyo wala baada yake. Kazi aliyoifanya tangu ujana ikaisha hivyo, na mtoto wa miaka tisa hakuona kitu cha ajabu.

Nilikuwa msichana mkubwa Bibi alipotaka kurudi kwao, akasema Dar hawezi kufia. Mie ndiye niliyempeleka. Huko nikashuhudia sadaka ya watu wengine. Mzee mmoja akamimina unga chini ya msolo vile vile kama Bibi. Ulipokwisha kusimama, akachukua chungu kisafi kisichojua moto, akaufunika, na juu ya chungu akaweka jiwe. Nikamuuliza aliyekuwa karibu, jiwe la nini? Akanishangaa. "Paa wasile. Unga usiofunikwa si utaliwa tu? Hapo utakuwa umeuliza nini?"

Nilirudi kwa Bibi natembea kama mtu aliyepigwa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kile kile cha kobe, anapeta mtama. Nikakaa chini mbele yake.

"Bibi. Siku ile, kule msituni, chungu tulikuwa nacho."

"Ee."

"Mbona hukufunika?"

Akaendelea kupeta. Akapuliza makapi. Akasema, "Ningefunika, paa angekula nini?"

Akacheka, ile sauti ya msituni, mpaka ungo ukatikisika. Nikataka kucheka naye, nikashindwa. Naye akaacha. Akaiweka mikono juu ya mtama.

"Niliposhika tumbo la mama yako nilijua mara moja. Kama wale wawili. Nikamwambia baba yako, akanichongea kigoda. Nilichoka kuzika, Zena."

Nilimshika mikono ile, migumu, ina unga, nikaibusu kiganja na kiganja. Akanipa makofi mawili mepesi shavuni.

"Basi, basi. Na usimwambie baba yako. Ataanza tena kuniomba msamaha."

Sikumwambia, mpaka Baba akafariki hakujua. Mama naye alikwenda bila kujua. Nikaendelea kunyamaza kwa mazoea, na hilo ndilo kosa langu.

Jana nikampigia Somoe simu. Nikamwambia njoo uchukue chungu chako, upande mshubiri, upande chochote. Akasema leo una nini wewe, jana ulitaka kunipiga. Nikamwambia kaa chini nikusimulie. Nikamsimulia kama nilivyowasimulia hapa, kuanzia kadi chini ya godoro mpaka kwenye mtama. Hakunikatiza hata mara moja, na nyie hamumjui Somoe.

Nilipomaliza simu ikawa kimya. Nikaita, "Somoe? Upo?" Halafu nikamsikia. Alikuwa analia, mtu mzima yule, kwa sauti, kama mbuzi. Sikumnyamazisha.